Mstari Kati ya Skrini Mbili

Makala hii ilianza kwa simu. Muhula uliopita tulimpelekea mzee mmoja wa hapa mjini kurasa kumi na mbili za kwanza za kazi aliyotupa, na siku ya tatu akatupigia. Hakutusalimu kwa kirefu kama ilivyo desturi yake. "Wanangu," akasema, "mumeruka mtu."

Wanachama wapya hawaijui kazi yenyewe, basi tueleze kidogo. Mzee huyo ni mzaliwa wa Mombasa, na ameishi Uingereza zaidi ya miaka arubaini. Ana daftari la marehemu mamake. Ndani yake mna utenzi ambao mama aliutunga na kuuandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu. Haujapata kuchapishwa. Macho ya mzee yamechoka, na wajukuu zake wanasoma herufi za Kirumi tu. Tena wengine Kiswahili chenyewe wanakifahamu kwa sikio kuliko kwa jicho. Akatuomba tuunukuu wote kwa herufi za Kirumi kabla hajasafiri kwenda Mombasa, apate kuwapelekea jamaa. Tukazipiga picha kurasa zote, kisha tukakaa watatu watatu katika chumba cha klabu mbele ya kompyuta moja yenye skrini mbili. Picha ya daftari tuliiweka kwenye skrini ya kulia, na maandishi yetu kwenye skrini ya kushoto.

Ubeti tulioruka ulikuwa mmoja tu. Ndani yake mama anamtaja binti yake aliyekufa akiwa mdogo, dadake mzee. Hakuna pengine katika utenzi mzima anapotajwa.

Tuliona haya. Tulikuwa watu watatu, kila mstari umesomwa kwa sauti, na bado mtoto yule alitupita. Mmoja wetu alisema ni haraka. Mwingine alisema ni mwanga wa chumba. Wa tatu akasema kosa liko kwenye skrini, na tukamcheka, maana fundi mbovu ndiye anayesingizia vyombo vyake. Lakini tulipoanza kusoma habari za skrini hizo, zilitoka wapi na kwa nini zikakaa mbili mbili juu ya meza, tuliona kwamba mwenzetu hakukosea sana. Ndiyo maana tunaileta historia hiyo hapa, ingawa gazeti hili limezoea habari za Fumo Liyongo na masultani wa Zanzibar.

Kwanza tutofautishe mambo mawili ambayo hata sisi tulikuwa tukiyachanganya. Mhadhiri anapounganisha kompyuta yake na projekta, mara nyingi ukutani huonekana kile kile anachokiona yeye. Huko ni kurudufu: picha moja, mahali pawili. Jambo la pili ni kupanua. Hapo skrini mbili zinakuwa sehemu mbili za meza moja. Mshale wa kipanya ukifika ukingo wa skrini ya kwanza hausimami, unatokea kwenye ya pili, na dirisha unaweza kulikokota kutoka huku hadi kule kama unavyosogeza karatasi. Neno "meza" hapa si letu. Watu wa Xerox walipouza kompyuta yao ya Star mwaka 1981, walichora kiooni mafaili, makabati na karatasi, ili karani aone mambo anayoyajua ofisini kwake. Waliofasiri programu za kompyuta kwa Kiswahili nao wakatupa "eneokazi", neno zuri ambalo wengi wetu hatulitumii kwa sababu hatujawahi kuiweka kompyuta katika lugha yetu.

Skrini mbili zilikuwapo kabla ya meza hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi la anga la Marekani lilijenga mtambo ulioitwa SAGE, wa kutazama kama ndege za Kisovieti zinakuja. Kila askari aliketi mbele ya kioo kikubwa cha mviringo kilichoonyesha ramani na ndege, na karibu nacho palikuwa na kioo kidogo kilichoandika habari kwa maneno. Wahandisi walikuwa makini kiasi cha kuweka kiberiti na kisahani cha majivu ya sigara ndani ya meza yenyewe. Lakini ndege haikuweza kutoka kwenye kioo kikubwa ikaingia katika kile kidogo. Kila kimoja kilikuwa na kazi yake, na askari hakutarajia vinginevyo.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kompyuta zilipofika kwa watu wa kawaida, na hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu kisa chake ni cha bahati zaidi kuliko cha mipango. IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mwezi wa Agosti 1981, ilimpa mnunuzi kadi mbili za kuchagua. Moja iliitwa MDA: haikuwa na rangi wala michoro, ila maandishi yake yalikuwa safi, ya kijani juu ya weusi, safu 80 kwa mistari 25. Hiyo ilikuwa ya ofisi. Nyingine, CGA, ilikuwa na rangi na michoro, lakini herufi zake zilikuwa na nukta chache na mtu akizisoma mchana kutwa macho yalimuuma. Sasa, kila kadi ilipewa mahali pake katika kumbukumbu ya kompyuta, wala haikugusa mahali pa mwenzake. Kwa hiyo aliyetaka zote mbili aliweza kuzichomeka zote mbili, akaweka skrini mbili mezani. Kadi mbili za aina moja zingegombana. Za aina mbili ziliishi pamoja kama wapangaji wenye milango tofauti.

Programu zikaanza kuitumia nafasi hiyo. Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983 na ambayo maofisi mengi yalinunua kompyuta kwa ajili yake, iliweza kuonyesha jedwali la hesabu kwenye skrini ya maandishi na grafu yake kwenye skrini ya rangi. Mhasibu alibadilisha namba huku, akaona mstari unapanda kule. Wachoraji wa AutoCAD waliweka mchoro upande mmoja na amri zao upande mwingine. Waandishi wa programu waliipenda zaidi: programu yao ilikimbia kwenye skrini moja, na kwenye ya pili wakatazama kinachoharibika. Katika mifano yote hii hakuna meza moja. Kuna meza mbili zinazopakana. Hukuweza kukokota chochote kutoka moja hadi nyingine, na ilikuwa lazima programu yenyewe ijue kwamba skrini ziko mbili.

Wazo la meza moja lilitokea upande wa Macintosh. Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984 ilikuwa na kioo kidogo sana, inchi 9, nukta 512 kwa 342. Lakini programu iliyochora kila kitu ndani yake, QuickDraw, kazi ya Bill Atkinson, ilihesabu mahali pa nukta kwa namba zinazofika 32,767 kwenda kulia na kwenda chini, na karibu kiasi hicho hicho cha hasi kwenda kushoto na kwenda juu. Maana yake ni kwamba ndani ya mashine ile ndogo mlikuwa na uwanja mkubwa usio na mfano, na kioo kilikuwa kitundu tu cha kuuchungulia. Uwanja ulikuwa tayari. Kilichokosekana ni kitundu cha pili.

Aliyetoboa kitundu hicho ni kampuni ya Radius, iliyoanzishwa mwaka 1986 na watu ambao baadhi yao, kama Andy Hertzfeld na Burrell Smith, walikuwa wameijenga Macintosh yenyewe. Shida waliyotaka kuitatua ilikuwa ya wachapishaji. Mwaka 1985 printa ya LaserWriter na programu ya PageMaker zilikuwa zimewawezesha watu wa kawaida kupanga kurasa za magazeti na vitabu, lakini kwenye kioo cha inchi 9 hukuona ukurasa, uliona kipande cha ukurasa. Radius wakatengeneza skrini iliyosimama wima, yenye urefu wa kuonyesha ukurasa mzima, kwa ajili ya Macintosh Plus. Macintosh Plus haikuwa na nafasi ya kuchomekea kadi. Iliwabidi waifungue na kuingia ndani. Tena hawakukizima kile kioo kidogo cha asili. Walikiacha kifanye kazi, wakazihesabu skrini zote mbili kuwa katika uwanja mmoja, na dirisha likaweza kukokotwa kutoka moja hadi nyingine.

Apple wakaliingiza wazo hilo katika Macintosh II mwaka 1987. Mashine hiyo ilikuwa na nafasi sita za kadi, na aliyekuwa na fedha angeweza kuweka skrini zaidi ya mbili. Ndani yake palikuwa na mahali pa mipangilio ambapo skrini zilionekana kama vijisanduku, na mtumiaji alivikokota vijisanduku hivyo vikae kama skrini zilivyokaa mezani kwake: hii kushoto, hii kulia, au hii juu kidogo. Dirisha moja liliweza kulala nusu huku nusu kule, hata kama skrini moja ni ya rangi na nyingine nyeusi na nyeupe. Tunaomba msomaji akumbuke vile vijisanduku. Vipo mpaka leo karibu katika kila kompyuta, na baadaye kidogo vitatuabisha.

Walimwengu wengine walichelewa zaidi ya miaka kumi. Katika vyuo vikuu na maabara, kompyuta kubwa za kazi zilitumia mfumo wa X, ulioanza MIT mwaka 1984. X ilikubali skrini nyingi tangu mapema, lakini kwa namna yake: mshale wa kipanya ulivuka kutoka skrini hii hadi ile, dirisha halikuvuka. Dirisha lilizaliwa kwenye skrini yake na likafia hapo hapo. Sisi ambao tumesimama uwanja wa ndege tukiwa tumevuka sisi na mizigo yetu imebaki forodhani tunaielewa hali hiyo bila kuelezwa. Njia ya kuziunganisha skrini hizo kuwa moja, iliyokuja kuitwa Xinerama, iliingia katika X mwaka 1998.

Mwaka huo huo, tarehe 25 Juni, Microsoft wakatoa Windows 98. Windows 95 haikuijua skrini ya pili. Waliotaka walitegemea programu za watengenezaji wa kadi fulani. Windows 98 iliijua yenyewe, hadi skrini 9, ilimradi kompyuta iwe na kadi za kutosha. Hapo ndipo jambo hili lilipowafikia watu wengi, na hapo ndipo vituko vilipoanza. Katika hesabu ya Windows, kona ya juu kushoto ya skrini kuu ndiyo sifuri. Ukiweka skrini ya pili kushoto kwa ile kuu, kila kilichomo ndani yake kinahesabiwa kwa namba hasi. Programu nyingi za zamani ziliandikwa na watu walioamini kwamba kushoto kwa sifuri hakuna kitu. Ukizipeleka huko zilichanganyikiwa: unabofya menyu huku, inafunguka kule.

Mambo mawili zaidi yalihitajika. Mwaka 1999 Matrox walitoa kadi yao ya G400, iliyoweza kubeba skrini mbili peke yake, na baada yake watengenezaji wengine wakafuata, hata ikawa kawaida. Jambo la pili ni uzito. Skrini kubwa ya zamani, yenye bomba la kioo nyuma, iliweza kufika kilo 25 au zaidi, na meza ya kawaida ya ofisi haikutengenezwa kwa ajili ya mbili. Skrini bapa ziliposhuka bei katika miaka ya 2000, ikawezekana karani wa kawaida kuwa na kile ambacho kabla yake kilikuwa cha dalali wa hisa au mchoraji wa majengo.

Ndipo yakaja maswali ya faida. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah waliwapima watu wakifanya kazi za ofisini kwa skrini moja na kwa zaidi ya moja, wakaona kwamba wenye nyingi walifanya kazi haraka zaidi na kwa makosa machache zaidi. Utafiti huo umetajwa sana, hasa na wauzaji. Ni haki kuongeza kwamba miongoni mwa walioufadhili walikuwa watengenezaji wa skrini na wa kadi za michoro. Hatusemi matokeo yake ni ya uongo. Walimu wetu wametufundisha kuuliza kila hati iliandikwa kwa fedha ya nani, na hatuoni sababu ya kuisamehe hii.

Uliotufaa sisi ni utafiti mdogo zaidi, usio na namba za kutangazia biashara. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, Jonathan Grudin, mtafiti wa Microsoft, aliwatazama watu waliokuwa tayari na skrini mbili au zaidi katika kazi zao za kila siku. Kampuni zilikuwa zimetumia miaka kumi na zaidi zikiufuta mpaka kati ya skrini, ili zionekane uwanja mmoja mpana. Grudin alikuta watumiaji wanautaka mpaka. Ni nadra alimwona mtu aliyelaza dirisha moja juu ya skrini mbili. Walizigawa: moja ya kazi wanayoifanya sasa hivi, nyingine ya vitu vya kutazama pembeni, kama barua, orodha, au maandishi ya kurejelea. Ule ukuta mwembamba wa fremu kati ya kioo na kioo, ambao mhandisi aliuona kuwa kasoro, kwao ulifanya kazi ya ukuta wa nyumba. Mtu mwenye nyumba ya vyumba viwili hatumii nafasi yake kama mwenye ukumbi mmoja mkubwa, hata kama eneo lililojengwa ni sawa.

Apple wenyewe walikuja kulikubali hilo kwa kuzunguka. Mwaka 2011, katika mfumo wao wa Lion, ukilipanua dirisha likajaza skrini moja, skrini ya pili ilifunikwa na picha ya kitambaa cha kijivu, haina kazi tena; mashine ilikuwa imesahau kwamba kuna chumba cha pili. Watu walilalamika miaka miwili. Mwaka 2013, katika Mavericks, kila skrini ikapewa mstari wake wa menyu na maisha yake. Na katika mpangilio huo wa kawaida, dirisha lililokaa nusu huku nusu kule huonekana upande mmoja tu. Kile kilichokuwa fahari ya mwaka 1987 kiliondolewa kimya kimya, na ni wachache waliokililia.

Tulipofika hapo katika kusoma, tulirudi kwenye chumba cha klabu tukaitazama meza yetu upya.

Waliowahi kutazama hati za Kiswahili za herufi za Kiarabu, mathalani zile za Taylor na za Hichens zilizohifadhiwa SOAS, London, wanajua kwamba tenzi nyingi zimeandikwa ubeti mmoja mstari mmoja, vipande vyote vinne vikifuatana kutoka kulia kwenda kushoto. Daftari la mama lilikuwa hivyo. Mstari unaanzia ukingo wa kulia. Maandishi yetu ya Kirumi yanaanzia ukingo wa kushoto. Nasi tulikuwa tumeweka daftari skrini ya kulia na maandishi skrini ya kushoto. Yaani mwanzo wa ubeti katika daftari ulikuwa mwisho kabisa wa meza upande wa kulia, na mwanzo wa ubeti huo huo katika maandishi yetu ulikuwa mwisho kabisa wa meza upande wa kushoto. Tulipima kwa utepe: karibu mita moja. Kila ubeti jicho lilisafiri mita moja kwenda na mita moja kurudi, likivuka ule ukuta mara mbili, na kila liliporudi lilipaswa kukumbuka lilipoachia.

Jicho linalorudi hutafuta alama. Katika utenzi alama ni chache, kwa sababu kipande cha nne cha kila ubeti kina kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mwisho wa mstari haukusaidii. Mistari yote inamalizika kwa kufanana. Unashika mwanzo. Na pale penye ubeti wa mtoto, beti mbili zinazofuatana zinaanza na neno moja. Tulimaliza ya kwanza, jicho likarudi, likaliona neno lile, likadhani ndipo lilipotoka, likaendelea na mstari unaofuata. Hili ni kosa la kale kuliko kompyuta zote. Wanaochunguza hati za kale za lugha mbalimbali wanalikuta kwa wanakili wa miaka elfu iliyopita, waliokuwa na kitabu kimoja upande mmoja na karatasi tupu upande mwingine. Sisi tulilirudia kwa umeme.

Dawa ilikuwa kubadilisha pande. Daftari likiwa kushoto na maandishi ya Kirumi kulia, mistari miwili inaanzia mahali pamoja, mgongo kwa mgongo, penye ule ukuta wa katikati. Mmoja unaondoka kwenda kushoto, mwingine unaondoka kwenda kulia. Jicho halina safari. Linasimama katikati, linatazama huku, linatazama kule. Tukakumbuka watumiaji wa Grudin. Ule mpaka tuliokuwa tukiuvuka kwa taabu ukawa ndio pambizo letu, mahali pa kuwekea kidole.

Kubadilisha kwenyewe hakukuwa kwepesi kama tunavyosema. Skrini yetu ya kulia ni mpya na kubwa, inaonyesha picha vizuri. Ya kushoto ni ya zamani, imeingia umanjano, tuliipata bure ofisi fulani ilipohama. Daftari lilihitaji ile nzuri. Basi tukazihamisha skrini zenyewe, na kebo zake, na vumbi lake. Tukaketi. Mshale ukakataa kuvuka. Ukiusukuma kushoto kuelekea kwenye daftari unagonga ukuta. Ukiusukuma kulia, nje ya meza kabisa, unatokea mwanzoni mwa skrini ya kushoto kama mtu aliyetoka mlango wa nyuma akarudi kwa mlango wa mbele. Dakika ishirini tuliikagua kebo. Mwanachama wa mwaka wa kwanza, anayesomea uchumi, ndiye aliyeuliza kama tumeiambia kompyuta kwamba tumehamia. Hatukuiambia. Vile vijisanduku vya mwaka 1987 vilikuwa bado vinaonyesha kubwa iko kulia. Tukavikokota, mshale ukapita.

Hatusemi skrini mbili ni lazima. Mzee alituambia kwamba mamake alikuwa na marufaa ya kuwekea msahafu, na taa ya mafuta, basi. Wala hatufichi kwamba skrini ya pili ina uchawi wake: wiki mbili za kwanza nusu ya chumba ilikuwa ikitazama mpira kwenye ile ya zamani, na hatuna hakika kwamba siku ya ubeti ule hapakuwa na mechi. Walioshiriki wanajijua. Tena kuna tatizo la kubeba. Mwenzetu aliichukua kompyuta nyumbani wakati wa likizo, bila skrini ya pili, na dirisha lenye maandishi likabaki kwenye skrini isiyokuwapo. Programu inasema liko wazi, na halionekani. Alidhani kazi imepotea. Kubonyeza alama ya Windows, Shift na mshale wa kushoto au wa kulia kulilirudisha. Tunaliandika hilo hapa ili asitokee mwingine wa kutupigia simu saa saba usiku.

Tulizisoma upya kurasa zote kumi na mbili kwa mpangilio mpya, mmoja akisoma daftari, mmoja akifuata maandishi, wa tatu akihesabu beti kwa sauti. Hakuna mwingine aliyerukwa. Tulikuta maneno manne tuliyoyasoma vibaya, matatu kati yake kwa sababu ya nukta iliyofifia juu ya herufi, na moja kwa sababu hatukuwa tunalijua. Mzee alituambia ni jina la aina ya kikapu. Tulipompelekea kurasa zilizosahihishwa, mjukuu wake alimsomea kwa simu nasi tukisikiliza. Walipofika kwenye ubeti ule, mzee alimwambia arudie. Kijana akarudia. Kisha akauliza, "Babu, huyu ni nani?" na hapo tukakata simu sisi, maana hayakuwa yetu tena.

Mzee anasafiri mwisho wa mwezi ujao. Zimebaki kurasa nane. Tunakutana chumba cha klabu kila Jumatano saa kumi na moja jioni. Anayezisoma herufi za Kiarabu aje akae kushoto.